Nyagem Hataki Kalamu

Mlioandika kuuliza kama Filister alirudi nyumbani na ile siri ya Homa Bay, jibu ni ndiyo. Alirudi nayo nzima kama yai ndani ya kikapu, na alijua haitakaa sana kabla ya kuvunjika.

Kwa aliyeingia leo, nitasema kwa ufupi. Filister ni mke wa Mwalimu Elijah, anayefundisha shule ya msingi huko Uriri. Binti yao, Risper, amerudia darasa la tatu mpaka dawati limemzoea. Wimbo anaushika akiusikia mara moja. Mbuzi wa kijiji kizima anawajua kwa sura na anajua yupi ni wa nani. Lakini mpe ukurasa, jasho linamtoka.

Baba yake alijaribu kiboko, akajaribu peremende. Mwishowe akajaribu kunyamaza, na hicho ndicho kilichomuumiza mtoto zaidi.

Ijumaa, Filister alimpeleka binti yake Homa Bay bila kumwambia mtu, kwa Mwalimu Bathsheba Nyanchoka, mama wa Kikisii aliyefungua darasa dogo la watoto wa namna hiyo. Nyanchoka alimpima Risper kwa kadi za herufi na kwa shanga za kutunga. Kisha akampa mama karatasi aisome. Filister akapapasa kifua, akasema miwani ameiacha nyumbani.

"Mama Risper," Nyanchoka akamwambia polepole, "hiyo miwani ulishawahi kuwa nayo?"

Hapo ndipo tulipoachia. Na jibu, ndugu zangu, halikuwa la maneno. Filister alilia.

Alilia kwa sababu tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumuuliza. Wapo waliomchapa. Huko Sindo alikozaliwa, mwalimu mmoja alimsimamisha juu ya benchi, akawaambia wenzake waangalie kichwa kinachovuja. Aliacha shule darasa la tano, na mwanamume alipokuja kuposa, akaambiwa amemaliza la saba. Kumuuliza, hakuna aliyemuuliza.

"Usilie, mama," Nyanchoka akasema. "Hiyo ya kusoma inaitwa disleksia. Hiyo ya mkono kukataa kuandika inaitwa disgrafia. Si uchawi na si uvivu. Kichwa yako inashika herufi na njia yake. Na hii kitu inatembea kwa damu."

"Kwa damu?"

"Risper ameitoa kwako."

Filister akamtazama mtoto, aliyekuwa akitunga shanga kwenye mkeka kando ya dirisha, mbali kidogo, ulimi umemtoka kwa bidii. Kwanza alifurahi, kwa sababu kitu chenye jina si laana. Halafu akakasirika. Jina hili lilikuwa wapi alipokuwa juu ya benchi?

"Darasa langu linafunguliwa Jumatatu," Nyanchoka akaendelea. "Lakini baba lazima akuje mwenyewe akubali. Asipokuja, nafasi inaenda kwa mwingine. Umeona wazazi wamejaa hapo nje."

"Atakataa. Kwao wanasema ni jina la mtoto ndiyo mbaya."

"Basi mwambie wewe pia uko hivyo. Akijua imetoka kwa mama, ataacha kulaumu jina. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Ni rahisi kusema. Nyanchoka hakujua kwamba Elijah alimwoa Filister kwa sababu ya kusoma kwake.

Ndiyo, kusoma. Kanisani kwao, Filister ndiye msomaji wa kina mama. Kila Sabato anasimama, anafungua Biblia, kidole kinatembea juu ya mistari, na sauti inatoka tamu kama uji wa wimbi. Watu hufumba macho wakimsikiliza. Kumbe kwao Sindo alikuwa akinasa yaliyosomwa na wengine, na tangu aolewe, kila Ijumaa jioni mumewe hulisoma fungu la kesho yake kwa sauti, akijiandaa, naye Filister jikoni analinasa lote, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, pamoja na mahali pa kufunua ukurasa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakumjua Filister. Ya kwake ilikuwa imefika mbali, na ilikuwa na lami.

Basi Ijumaa hiyo alirudi Uriri amejikaza kusema. Mtoto alipokwenda kuoga, akamfuata mumewe sebuleni.

"Baba Risper, nina neno."

"Hata mimi niko na neno. Jumapili tunaenda Kosele. Tayarisha nguo za mtoto, zote."

"Zote? Kuna nini Kosele?"

"Mama ameota."

Ndoto za Mama Phelesia, mama mkwe wa Filister, huja zikiwa zimeshaiva, na huwa haziulizwi swali.

Niwaeleze, maana wengine mnasoma hii mkiwa mbali na ziwa. Kwa Wajaluo mtoto hubeba jina la aliyetangulia, na mwenye jina huja katika ndoto kulidai. Risper alipozaliwa alilia mpaka alipoitwa Nyagem, jina la nyanya yake Filister, ndipo akanyonya. Sasa huyo Nyagem, wamisionari walipofika na darasa lao la kusoma, alipewa kibao cha kuandikia. Alikaa nacho asubuhi moja. Mchana akakitupa ziwani, akarudi kuanika omena, dagaa wa ziwani.

Ukoo ukacheka, na hadithi ikabaki. Risper aliposhindwa shule, Phelesia aliikumbuka. "Si mtoto," akasema. "Ni Nyagem. Nyagem hataki kalamu."

Na Mwalimu Elijah, mwenye cheti chake cha ualimu ukutani, alilikubali neno hilo kwa mikono miwili. Msimcheke. Mwalimu ambaye mtoto wake hajui kusoma hulaumiwa damu yake au ufundishaji wake. Jina lilimwokoa na vyote viwili.

"Mama ameota nini?" Filister akauliza.

"Marehemu Shangazi Drusila. Yule wa kwanza kusoma Kosele nzima, kati ya wanawake. Anataka mtoto aitwe yeye. Risper atanyolewa, apewe jina, akae na mama. Asiguse kitabu mpaka jina limkae."

"Mpaka lini?"

"Jina haliharakishwi, Mama Risper. Mwaka, miaka miwili. Neno lako lilikuwa nini?"

Hapo, msomaji, ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi. Lakini jua lilikuwa linazama, Sabato inaingia, na Elijah alikuwa ameshachukua Biblia kujiandaa.

"Litangoja," Filister akasema. Akaingia jikoni. Na sauti ya mumewe ilipoanza Zaburi ya kesho, masikio yake yakainuka yenyewe, yakaanza kunasa. Mazoea yana taabu.

Kesho yake kanisani, mzee wa kanisa alipomwita, angeweza kusema anaumwa koo. Hakusema. Alisimama akaisoma Zaburi ile kuliko alivyowahi kusoma, labda kwa sababu moyoni alikuwa anaiaga. Mama mmoja nyuma alitoa machozi. Elijah alikaa kifua mbele.

Jumapili wakafika Kosele.

Nyumba ya Phelesia ina makochi yaliyovaa vitambaa vya kufuma, na picha ya marehemu mume wake akiwa na tai. Mzee Zablon, ndugu wa marehemu, ndiye mkubwa wa boma sasa. Alikuwa amekaa chini ya picha. Risper alitumwa nje na binamu zake kupukuchua mahindi. Kwenye meza kulikuwa na beseni la maji na wembe mpya, bado umefungwa kwenye karatasi yake.

"Tumekutana kwa jambo dogo," Mzee Zablon akaanza. "Jina limekataa, tunaweka lingine. Kuna mwenye neno?"

Alisema hivyo kwa desturi tu. Alikuwa ameshanyoosha mkono achukue chai.

"Mimi niko na neno, baba," Filister akasema.

Kikombe kikasimama hewani. Elijah akageuka. Phelesia akakunja shuka yake vizuri mapajani, kama mtu anayejiandaa kwa mvua.

"Sema, nyar Sindo," akasema. Hivyo ndivyo anavyomwita siku zote, binti wa Sindo.

"Si jina. Nyagem hana makosa. Ni mimi. Mimi pia sijui kusoma."

Kuku akaingia mlangoni, akatazama watu, akatoka.

Kisha Phelesia akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyesikia kwamba samaki hajui kuogelea.

"Wewe?"

"Mimi, mama. Sijawahi kujua. Nilienda Homa Bay na mtoto Ijumaa. Kuna mwalimu hapo, Nyanchoka. Amesema ni ugonjwa wa... si ugonjwa, ni vile kichwa imeumbwa. Inatembea kwa damu. Risper ameitoa kwangu. Kuna darasa, linaanza kesho. Wanafundishwa kwa njia yao, wanasoma kabisa. Nawaomba. Baba Risper aende tu, akubali."

Alisema yote kwa pumzi moja, na alipomaliza akajisikia mwepesi, kama aliyetua mtungi. Sasa watanipiga, akawaza. Sasa watanifukuza. Na wanifukuze, mradi mtoto asome.

Alikuwa amejiandaa kwa matusi na kwa talaka. Jambo moja tu hakujiandaa nalo.

"Mwongo," Mzee Zablon akasema kwa upole. "Nyathina, mwanangu, unadanganya."

"Baba?"

"Mama hupenda mtoto wake. Nakuelewa. Lakini usijipake matope namna hiyo mbele ya bwana yako."

"Krismasi hii umesoma hapa kwetu!" Phelesia akasema. "Kanisa lilinyamaza mpaka nikasikia nzi. Mimi mwenyewe nimejivuna sokoni, nikasema kijana yangu ameoa jasomo, msomi kabisa. Leo unaniambia nilijivunia nini?"

"Nilikuwa nimeshika kwa kichwa, mama. Yote. Kila Sabato."

"Biblia yote kwa kichwa?" Zablon akatikisa kichwa chake. "Sasa hiyo ingekuwa akili ya kuogopesha. Mtu wa akili hiyo angeshindwaje na a, e, i, o, u?"

Hilo ndilo swali Filister alilojiuliza mwenyewe tangu utoto.

"Nipeni Biblia," akasema. "Mtaona."

Wakampa. Zablon akaifungua mwenyewe, akaweka kidole mahali. Filister akainama. Herufi zilikuwa pale, zikichezacheza kama omena waliomwagwa kwenye karai. Akashika moja, nyingine ikateleza. Akatoa sauti mbili tatu zisizo na maana. Akamwinulia mzee uso uliolowa.

"Ameigiza vizuri," Phelesia akasema. "Hata machozi ameweka."

"Basi nipeni chaki. Niandike."

Kuna kipande cha chaki ambacho Phelesia hutumia kuchora mstari wa kuzuia siafu. Filister akakichukua, akaenda kwenye mlango wa mbao, akaandika jina lake. Tangu aolewe hajawahi kuandika mbele ya mtu. Siku zote mkono wake ulikuwa unauma, umeungua, umeteguka. Aliandika kwa nguvu mpaka chaki ikakatika. Ikatoka kitu kama nyayo za kuku kwenye matope. Hata mimi ningelia.

Zablon akaangalia mlango. Kisha akatamka neno ambalo Filister atalisikia mpaka siku ya kufa.

"Mtu anaweza kujifanya hajui," akasema. "Hakuna mtu amewahi kujifanya anajua."

Jamani! Na aliyefanya hivyo nusu ya maisha yake alikuwa amesimama mbele yake, vumbi la chaki mkononi.

Filister akamgeukia mumewe. Alibaki yeye tu.

"Baba Risper. Wewe ni mwalimu. Unajua mkono wa mtu anayejifanya na mkono wa mtu ambaye hawezi. Tazama mlango."

Elijah akatazama mlango. Na Filister, anayesoma nyuso kwa sababu hajaweza kusoma kingine, aliona yote yakipita machoni pake. Alimwona akikumbuka chupa ya dawa ya mbuzi iliyokaribia kupewa mtoto. Akakumbuka ile safari ya Migori, jinsi mke wake alivyopanda gari la Kisii na kusema alichanganyikiwa na kelele. Akakumbuka miwani isiyonunuliwa, mkono usiopona, na Ijumaa zote zile za kunyamaza jikoni.

Alijua. Naapa alijua.

"Sema, Mwalimu," Zablon akamwambia. "Mke wako anajua kusoma ama hajui?"

Mfikirieni. Akisema hajui, kesho Uriri yote itasema mwalimu amelala na mtu miaka hii yote asijue hajui kusoma. Shuleni, walimu wenzake watamcheka mpaka chai imwagike. Kanisani watauliza ni nani aliyekuwa akiwasomea. Na akisema anajua, basi Nyagem ndiye mkosaji, na Nyagem alishakufa, haumwi na chochote.

Elijah akaupa mlango mgongo.

"Mke wangu anasoma," akasema. "Jana tu amesoma Zaburi. Nilikuwepo."

Filister akakaa chini, pale pale sakafuni. Kuna uongo unaokula mwenyewe aliyeulea, na wa kwake ulikuwa umekua, umenenepa, umeota meno.

"Tumwite mtoto," Phelesia akasema, ili mambo yaishe vizuri. "Mtoto hajui kuficha. Kama mama yake hajui kusoma, atasema."

Filister akainua kichwa. Ni kweli. Kulikuwa na Risper! Kila jioni alimsomea kile kitabu cha sungura na fisi, akifunua kurasa, akitunga hadithi kwa kuangalia picha. Na mara moja alichoka akakifungua kinyume, fisi miguu juu, akaendelea kusimulia. Risper alikuwa amekitazama kitabu, kisha akamtazama mama yake, kisha akalala. Hakusema kitu. Lakini aliona. Mungu wangu, aliona!

Risper akaletwa, mikono ina vumbi la mahindi. Akasimama katikati ya watu wazima. Akaona wembe na beseni. Akamwona baba yake ameinamisha uso, na mama yake sakafuni analia.

"Usiogope," Mzee Zablon akamwambia. "Tunataka kujua kitu kimoja. Watu wanasema mama yako hajui kusoma. Ni kweli?"

"Sema ukweli, Risper," Filister akasema. "Vile ulivyoona. Tafadhali, mama yangu, sema tu ukweli."

Mtoto akamtazama. Alikuwa nje, hakujua habari ya darasa, wala Jumatatu, wala damu. Alichokiona ni mama yake amezungukwa na watu wanaotaka kumwita mjinga. Na neno hilo Risper alilijua. Aliitwa hivyo kila siku ya shule.

"Mama anasoma," akasema.

"Risper!"

"Anasoma vizuri kuliko watu wote. Kila jioni ananisomea. Hata bila kuangalia sana."

Alisema kwa uso mkavu na sauti tamu, bila kupepesa jicho. Filister aliijua sauti hiyo. Ni yake mwenyewe, ya kila Sabato. Nyanchoka alisema hii kitu inatembea kwa damu, lakini hakusema kwamba hata kuficha kunarithiwa.

"Imekwisha," Mzee Zablon akasema, akachukua chai yake.

Elijah akatoka nje bila kumtazama mtu. Wakasikia akikanyaga maganda ya mahindi, akisimama, akikanyaga tena. Hakuna aliyejua kama alikuwa anaondoka au anarudi.

Phelesia akafungua karatasi ya wembe. Akalowesha vidole kwenye beseni.

Risper akainama kwa mama yake, akamfuta machozi kwa kiganja chenye vumbi, na kumnong'oneza sikioni.

"Usilie, mama. Najua. Sitawaambia kamwe."

"Drusila," Phelesia akaita. "Drusila, njoo nikunyoe."

Na mtoto akaitika.